Albamu ya roki mbadala ya mwanamke mtunzi na mwimbaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwanamke anayetunga na kuimba nyimbo zake mwenyewe na sasa anataka kuzikusanya ziwe albamu ya roki mbadala. Ni ya wanaomsaidia pia: wapiga ala, fundi wa kurekodi, prodyuza. Karibu kila jibu linarudi kwenye jambo moja. Katika muziki wenye magitaa mazito, sauti ya mwimbaji hutengewa nafasi mapema, wimbo ukiwa bado ni wa gitaa moja. Ukingoja hadi siku ya kumiksi, yaani kuunganisha na kusawazisha sauti zote zilizorekodiwa, nafasi hiyo itakuwa imeshachukuliwa.

Roki mbadala ni ipi hasa, na mwanamke ana nafasi gani humo?

Jina hili lilishika miaka ya 1980, redio za vyuo vya Marekani na lebo ndogo zilipokuwa zikisukuma bendi ambazo redio kubwa hazikuzitaka. Jarida la Billboard lilianzisha chati ya muziki huo Septemba 1988, na wimbo wa kwanza kabisa kushika namba moja ulikuwa wa Siouxsie and the Banshees, bendi iliyoongozwa na mwanamke. Tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, mshindi alikuwa Sinéad O'Connor, naye akaikataa. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba mwanamke ni mgeni katika muziki huu.

Redio, hata hivyo, zilikuja kufunga mlango. Baada ya Tracy Bonham kuongoza chati hiyo mwaka 1996, hakuna mwanamke mwingine anayeimba peke yake, bila bendi, aliyefika namba moja hadi Lorde mwaka 2013. Nyimbo za wanawake zilikuwepo muda wote huo, ila redio zilizipiga mara chache.

Kwa upande wa sauti, utaitambua roki mbadala kwa magitaa yenye mkwaruzo (sauti iliyochafuliwa kwa makusudi), beti tulivu zinazolipuka kwenye kibwagizo, mashairi yasiyojilazimisha kupendeza, na uhuru wa kuvunja mpangilio wa wimbo.

Albamu iwe na nyimbo ngapi?

Kumi hadi 12, jumla ya dakika 35 hadi 45. Tunga 16 au zaidi, rekodi demo, yaani rekodi za majaribio, za zile unazoziamini, kisha chagua. Nyimbo mbili zikiwa na tempo (kasi) ileile, ufunguo (noti ya msingi ya wimbo) uleule na hasira ileile, ondoa moja hata kama zote ni nzuri, maana msikilizaji atazichanganya.

Kama una mpango wa kutoa santuri, fikiria pande mbili tangu mwanzo. Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika hubeba vizuri dakika 18 hadi 22 kila upande. Ukizidisha, mifereji hubanwa na sauti nzima hushushwa. Tena, kadiri sindano inavyokaribia katikati, herufi "s" na matoazi huanza kukwaruza. Wimbo wenye kelele nyingi uanze upande, ule mtulivu uufunge.

Nitajuaje ufunguo unaoifaa sauti yangu?

Watunzi wengi hutunga wakiwa wamekaa kitandani na gitaa, wakiimba kwa sauti ya chini, kwenye E au G kwa sababu kodi zake (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ni rahisi kushika. Kisha dramu zinaingia, kibwagizo kinahitaji nguvu, na ndipo inagundulika kwamba ufunguo si wake.

Simama. Imba kibwagizo kwa nguvu utakayoitumia studio. Tafuta noti ya juu kabisa unayoweza kuishikilia kwa sekunde nne, mara tatu mfululizo, bila shingo kukaza wala kidevu kupanda. Kilele cha kibwagizo kiwe nusu toni au toni nzima chini ya noti hiyo. Akiba hiyo ndogo ndiyo itakayokufikisha teki ya sita, yaani kuurekodi wimbo kwa mara ya sita, ukiwa bado na sauti.

Angalia pia mahali sauti inapogeuka kutoka kifuani kwenda kichwani. Kwa wanawake wengi ni kati ya A4 (A iliyo juu ya C ya katikati ya piano) na D5 (D inayofuata juu yake). Kilele kikiangukia hapohapo, kila teki itatoka tofauti: moja nzito, nyingine nyembamba, na kuziunganisha itakuwa kazi bure. Ama ushushe wimbo ili kilele kibaki kifuani, ama uupandishe kwa makusudi ili kugeuka kwa sauti kuwe sehemu ya wimbo wenyewe.

Ukishusha kwa ajili ya kibwagizo, beti nazo zinashuka, na noti za chini humezwa na besi. Hapo usipandishe kila kitu tena. Punguza ala kwenye beti: besi na dramu peke yake, au gitaa moja safi lisilo na mkwaruzo.

Kupandisha ni rahisi, kapo (kibanio cha shingo ya gitaa) inatosha. Kushusha kunataka kazi: legeza gitaa zima nusu toni au toni moja, na uweke nyuzi nene zaidi, kwa mfano kutoka seti ya 10–46 kwenda 11–49 au 11–52. Kisha rekebisha urefu wa kila uzi kwenye daraja la gitaa hadi noti ya freti ya 12 ilingane na harmoniki yake (mlio wa kuugusa uzi kidogo tu hapohapo). Nyuzi nyembamba zilizolegezwa, zikipigwa kwa nguvu, hupanda juu ya noti yake kwa sekunde moja hivi, na lawama huwa za mwimbaji kwamba ametoka nje.

Kwa nini mashairi yangu ya Kiswahili yanasikika kama yameshindiliwa kwenye muziki?

Mara nyingi ni kwa sababu melodi ilitungwa kwa maneno ya kubabaisha yenye lafudhi ya Kiingereza, maneno halisi yakaja baadaye. Mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito la dramu likiangukia silabi ya mwisho, neno linapinda: "moyo" linakuwa "moYO", na msikilizaji anakwazika hata kama hajui kwa nini. Sema mstari wote kwa mdomo juu ya mapigo, bila melodi. Unapojikwaa, sogeza neno mbele au nyuma nusu pigo.

Urefu wa maneno ni kikwazo kingine. "Ninakukumbuka" ni silabi sita. Kwenye tempo ya mapigo 150 kwa dakika hazitoshi palipotungiwa silabi tatu. Fupisha iwe "nakukumbuka", au uipe mstari wake peke yake na uiache ipumue.

Faida nayo ipo, na ni kubwa: maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, kwa hiyo kila mwisho wa mstari unaweza kuvutwa. Noti za juu zipe "a" au "o". Kwa "i" na "u" koo hubana, na sauti hutoka nyembamba pale unapotaka ijae.

Demo zirekodiwe vizuri kiasi gani?

Za kukumbuka wazo, simu inatosha. Za kuchagua nyimbo, rekodi kwenye kompyuta, biti 24 (kiwango cha undani wa rekodi), kwa kliki (mlio wa kuhesabu mapigo), na maikrofoni unayoiamini, kwa sababu huenda ukazitumia. Sehemu kubwa ya uimbaji unaosikika kwenye albamu ya Alanis Morissette ya mwaka 1995 iliyomfanya ajulikane dunia nzima ilirekodiwa wakati nyimbo zinatungwa, teki moja au mbili. PJ Harvey naye alitoa albamu ya studio mwaka 1993, na kabla mwaka haujaisha akatoa demo alizozirekodi nyumbani kwa mashine ya kurekodi yenye njia nne za sauti, zikasimama kama albamu kamili.

Uimbaji wa demo unaweza kuhamia kwenye rekodi ya mwisho ikiwa masharti manne yametimia: tempo haikubadilika, ufunguo haukubadilika, gitaa halikuvuja kwenye maikrofoni ya sauti, na hakuna mahali palipopasuka kwa kurekodiwa juu mno. Ndiyo maana inafaa kurekodi gitaa kwanza, kisha sauti peke yake, hata kama ni demo tu.

Tempo naipataje?

Imba wimbo bila ala yoyote huku ukigonga paja. Pima. Kisha jaribu mapigo manne juu na manne chini. Tempo inayoruhusu pumzi mwishoni mwa kila mstari ndiyo sahihi, hata kama mpiga dramu anaiona ya polepole. Kibwagizo kinaweza kuongezewa mapigo mawili au matatu kwenye kliki. Hakuna atakayetambua badiliko, lakini wimbo utasukuma mbele.

Nikubaliane nini na prodyuza?

Kwanza mjue anafanya kazi ipi. Kuna anayebonyeza vifaa tu, kuna anayeamua sauti ya albamu nzima, na kuna anayebadilisha kodi na melodi. Huyo wa tatu ni mtunzi mwenzako kwenye wimbo huo, na anastahili sehemu ya utunzi. Malipo nayo hayana mtindo mmoja. Steve Albini, aliyerekodi albamu ya pili ya PJ Harvey, alijulikana kwa kulipwa ujira wa kazi tu na kukataa mrabaha. Wengine wengi huomba ujira pamoja na asilimia ya mapato ya rekodi.

Andikeni kabla ya siku ya kwanza: nani anamiliki masta (rekodi ya mwisho), malipo ni kiasi gani na yanalipwa lini, miksi itarekebishwa mara ngapi bila malipo ya ziada, na mafaili yote ya mradi utakabidhiwa lini. Hilo la mwisho husahaulika, na ndilo linaloumiza zaidi mkija kukosana.

Mgawanyo wa utunzi uandikwe siku ileile wimbo unapokamilika, majina kamili na asilimia zinazofika 100, kila mmoja atie sahihi. Mpiga gitaa aliyeleta rifu (kipande kifupi kinachorudiwa) inayobeba wimbo na yule aliyepiga kodi ulizompa hawako sawa. Semeni wazi mapema, wimbo ukiwa bado haujaingiza kitu.

Kwenye mazoezi tuangalie nini?

Pigeni kila wimbo mara moja bila maikrofoni ya mwimbaji, yeye aimbe kwa mdomo mtupu katikati ya chumba. Anapozama ndipo mpangilio unapotakiwa kupunguzwa. Kwa kawaida dawa ni moja kati ya hizi: gitaa la pili lingoje hadi kibwagizo, besi ishuke oktava, au mpiga dramu ahame kutoka toazi la kugonga na kwenda hai-hati (matoazi mawili ya kukanyagwa) iliyofungwa.

Dramu zinarekodiwaje bila kuwa na studio kubwa?

Badilisha ngozi za juu siku moja kabla, si asubuhi ya kurekodi, ili ziwe zimeshanyooka. Maikrofoni nne zinatosha: moja ya teke (ngoma kubwa ya mguu), moja ya sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali), mbili juu. Chukua uzi, ushike katikati ya sneya, upime: maikrofoni zote mbili za juu ziwe umbali sawa kutoka hapo. Zisipolingana, sneya hufika kwa nyakati mbili tofauti, inakuwa nyembamba na kuyumba upande mmoja. Ukimaliza kufunga, sikiliza teke pamoja na zile za juu, kisha geuza fezi ya teke (kitufe kinachopindua wimbi la sauti). Palipo na uzito zaidi ndipo pa kuacha.

Adui mkubwa wa sauti ya mwanamke kwenye roki ni matoazi. Yanajaza eneo lilelile la juu linalobeba konsonanti na pumzi yake. Mwambie mpiga dramu agonge ngoma kwa nguvu na matoazi kwa upole. Mpigaji hodari hufanya hivyo bila kuambiwa. Anayeanza huona kama amenyimwa raha, kwa hiyo msikilizisheni tofauti kwenye spika.

Magitaa yangu ni mazito chumbani lakini kwenye rekodi ni matope. Kwa nini?

Mkwaruzo ni mwingi mno. Sauti kubwa ya ampilifaya chumbani huudanganya mwili, na kwenye rekodi msaada huo haupo. Punguza geini (kiasi cha kukuza sauti inayoingia) kwa robo au theluthi kutoka pale unapopapenda, kisha rekodi sehemu hiyohiyo mara mbili, ukiipiga upya kwa mkono, moja kushoto na nyingine kulia. Kunakili rekodi moja na kuiweka pande zote mbili hakuleti upana wowote. Utapata gitaa lilelile katikati, kubwa zaidi, limemkalia mwimbaji.

Maikrofoni ya kawaida ya dainamiki, kama SM57, iweke sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa cha spika. Katikati kabisa ya koni sauti ni kali, ukisogea pembeni inalainika. Mpaka wa kofia ya katikati na koni ni mahali pazuri pa kuanzia. Tuni gitaa kabla ya kila teki. Kila teki kweli, kwa sababu magitaa mawili yaliyopishana kidogo humnyima mwimbaji noti ya kushika.

Sauti yangu niirekodi vipi?

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko kokote.

Chagua maikrofoni kwa kuzijaribu kwenye kibwagizo, usiishie kwenye ubeti. Maikrofoni za kondensa, zinazohitaji umeme wa volti 48, hunasa pumzi na undani, ila kwa sauti kali zinaweza kuchoma masikio. Dainamiki kama SM7B huvumilia kelele na chumba kibaya, lakini inahitaji geini ya karibu dB 60 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). Kadi ya sauti isiyofikisha kiasi hicho italeta mvumo.

Kaa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, kichujio cha pumzi kikiwa katikati. Ukisogea karibu zaidi sauti hunenepa chini, jambo linalopendeza kwenye ubeti wa kunong'ona. Kwenye kibwagizo rudi nyuma nusu hatua badala ya kumwacha fundi apunguze. Vilele vya mita viwe kati ya dB −10 na −6. Hakuna sababu ya kurekodi juu zaidi kwenye biti 24. Nyuma yako, wala si mbele tu, tundika blanketi nzito: mgongo wa maikrofoni nyingi hausikii, kinachoingia ni kile kinachorudi kutoka ukuta ulio nyuma yako.

Hedifoni ndizo huharibu teki nyingi bila kujulikana. Muziki ukiwa juu mno, utasukuma na kupanda juu ya noti. Sauti yako ikiwa juu mno, utaimba kwa woga na kushuka chini ya noti. Vua sikio moja nusu ukihitaji kujisikia, ila zima upande huo ili kliki isivuje. Ukisikia sauti yako inachelewa, shusha bafa ya kompyuta (akiba ya sauti inayongoja kuchakatwa) hadi sampuli 128 au 64 na uzime programu-jalizi nzito (programu za kubadilisha sauti) wakati wa kurekodi.

Pasha sauti dakika 15 hadi 20, kisha imba wimbo mzima mara tatu hadi tano, mwanzo hadi mwisho. Chagua baadaye mstari kwa mstari. Usirekodi mstari mmoja mara 30: kila neno litakuwa sahihi na wimbo utakuwa umekufa. Teki ya pili na ya tatu ndizo hubeba albamu nyingi. Ya kwanza mwimbaji bado anatafuta, na kuanzia ya sita anaigiza kile alichokifanya kwenye ya tatu.

Vibwagizo virekodi siku nyingine na beti ikiwezekana, au mwishoni mwa kipindi. Nyimbo mbili za kelele kwa siku zinatosha.

Nataka kupiga kelele kwenye wimbo. Nitaharibu koo?

Kelele yenye usalama hutoka kwa msukumo wa tumbo na mkwaruzo mdogo juu ya nyuzi za sauti. Koo lisikazwe. Kipimo ni rahisi: ukihisi kuwasha, kuuma, au kikohozi mara tu baada ya kupiga, mbinu ina kasoro, acha. Maikrofoni ifanye kazi. Kelele ya nguvu ya wastani iliyobanwa na kompresa (kifaa kinachopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) husikika kubwa kuliko ilivyokuwa chumbani.

Ukipwelewa na sauti, nyamaza na unywe maji ya kutosha. Usinong'one, maana kunong'ona kwa nguvu huzikaza nyuzi vilevile. Dawa za kuondoa maumivu ili uendelee kuimba ni hatari, kwa sababu zinaficha ile ishara inayokuzuia kujiumiza. Sauti isiporudi baada ya wiki mbili hadi tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo atazame nyuzi kwa kamera.

Kwenye miksi sauti inazama kila nikiongeza magitaa. Nifanye nini?

Usianze kwa kupandisha sauti. Zima kila kitu, washa sauti, dramu na besi. Sawazisha hizo tatu hadi wimbo usimame. Ndipo uingize magitaa moja moja, ukiyapandisha mpaka yaanze kugusa maneno, kisha uyarudishe nyuma dB moja.

Magitaa yenye mkwaruzo na uwazi wa maneno vinagombea eneo moja, kati ya Hz 1000 na 4000 (Hz ni mitetemo kwa sekunde). Kwenye magitaa, punguza dB 2 hadi 4 karibu na Hz 2500, kwa mkunjo mpana. Kata chini ya Hz 80 hadi 100 kwenye sauti na kwenye magitaa pia, besi na teke zipate nyumba yao. Sukuma magitaa mawili hadi kushoto kabisa na kulia kabisa. Ukiyaacha nusu njia, yanabaki kwenye kiti cha mwimbaji.

Kompresa mbili laini kwenye sauti hufanya kazi kuliko moja kali: ya kwanza ya haraka ikikamata vilele kwa dB 3, ya pili ya polepole, uwiano wa 3 kwa 1, ikishika dB 3 nyingine. Baada ya hapo pita mstari kwa mstari ukipandisha na kushusha sauti kwa mkono. Kazi hii inachosha, na hakuna kifaa kinachoifanya kwa niaba yako: mwisho wa sentensi mwimbaji hushusha pumzi, na silabi ya mwisho ndiyo mara nyingi inayobeba maana.

Kisha jaribio la mwisho: sikiliza kwa spika ya simu, sauti ndogo, ukiwa chumba cha pili. Neno usilolisikia huko, msikilizaji asiyeyajua mashairi hatalisikia popote.

Herufi "s" na "sh" zinachoma.

Anza kwenye chanzo: geuza maikrofoni kidogo ili pumzi ipite pembeni yake. Kwenye miksi, kifaa cha kupunguza "s" kifanye kazi kati ya Hz 5000 na 9000, kikishusha dB 3 hadi 5, si zaidi, vinginevyo mwimbaji ataonekana ana kithembe. Punguza "s" kabla ya kupeleka sauti kwenye mwangwi, la sivyo mwangwi wenyewe utakuwa unazomea.

Masta iwe na kelele kiasi gani?

Mpelekee fundi wa masta faili la WAV la biti 24, bila limita (kifaa cha kuzuia vilele), kilele kisizidi dB −3. Spotify husawazisha nyimbo kuelekea LUFS −14 (kipimo cha ukubwa wa wastani wa sauti), kwa hiyo wimbo uliobanwa hadi −7 utashushwa tu, na utabaki bapa kando ya uliopumua. Roki inastahimili kubanwa kiasi. Wengi huishia kati ya −11 na −8, na uamuzi huo uwe wa masikio. Kilele halisi kisipite dB −1, na kwa masta yenye kelele kubwa −2 ni salama zaidi, kwa sababu kubadilishwa kuwa faili dogo huongeza vilele.

Omba siku hiyohiyo toleo lisilo na sauti ya mwimbaji na toleo la sauti peke yake. Filamu na matangazo huyataka, na kuyatengeneza miaka miwili baadaye, mradi ukikataa kufunguka, huwa haiwezekani.

Namba za utambulisho na haki, kwa kifupi?

Kila wimbo una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodi, na ya rekodi yenyewe. Ukitunga, ukaimba na ukalipia studio mwenyewe, zote ni zako mpaka uzisaini kwa mtu.

Kila rekodi hupewa ISRC, namba ya kimataifa ya kuitambulisha, yenye herufi na tarakimu 12. Albamu nzima hupewa namba ya UPC au EAN (ya msimbo pau). Wimbo uliotoka kama singo (peke yake) ukiingia kwenye albamu bila kubadilishwa, tumia ISRC ileile, la sivyo idadi ya waliousikiliza itaanza upya kutoka sifuri. Ukiumiksi upya au ukaurekodi tena, uchukue mpya.

Msambazaji wa mtandaoni hukuletea mapato ya rekodi. Ya utunzi hukusanywa na chama cha hakimiliki, na ni juu yako kujiandikisha kama mtunzi na kusajili kila wimbo. Wanawake wengi wanaojitungia hukosa fungu hili kwa sababu walijiandikisha kama waimbaji tu.

Ratiba ya kutoa iweje?

Toa singo mbili au tatu kwanza, zikipishana wiki nne hadi sita. Ya kwanza iwe ile inayokutambulisha, wala si lazima iwe ile unayoipenda kuliko zote. Pandisha mafaili kwa msambazaji angalau wiki nne kabla. Maombi kwa wahariri wa orodha za Spotify yanataka wimbo ambao haujatoka, yawasilishwe siku saba kabla au zaidi, na ni wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Tangu Julai 2015 siku ya kutoa muziki duniani ni Ijumaa.

Spotify huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi mapato ya rekodi huko. Hiyo si sababu ya kufupisha utangulizi wa kila wimbo. Ni sababu ya kutotupa nyimbo 12 siku moja bila matayarisho.

Santuri huchukua miezi. Agiza mara masta inapokamilika, na usikubali kuchapisha kabla ya kusikiliza nakala ya majaribio mwanzo hadi mwisho, pande zote.

Kava?

Mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, JPG, rangi za RGB. Anwani za tovuti, bei na alama za mitandao hukataliwa. Jina lisomeke picha ikiwa na ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Mpiga picha akupe ruhusa ya maandishi ya kutumia picha hiyo kwenye bidhaa pia, kama fulana na mabango.

Jukwaani sauti inapotea ingawa kwenye albamu inasikika. Kosa liko wapi?

Kwenye ampilifaya za magitaa. Zikielekezwa kwa mwimbaji, maikrofoni yake inazinasa, na kila fundi akimpandisha mwimbaji anazipandisha nazo. Zigeuze zielekee pembeni ya jukwaa au uzishushe. Maikrofoni iwe ya kadioidi au supa kadioidi, aina zinazosikia zaidi upande wa mbele. Kwa kadioidi monita (spika ya mwimbaji kujisikia) ikae moja kwa moja nyuma yake, kwa supa kadioidi ikae pembeni kidogo, karibu digrii 125, kwa sababu nyuma yake kabisa bado inasikia. Usifunike kichwa cha maikrofoni kwa kiganja: hupoteza uelekeo wake, na mlio wa kurudi huanza papo hapo.

Nyimbo mlizozirekodi kwa sauti tatu au nne za viitikio, amueni mapema nani anaimba ipi. Mpiga besi ndiye huwa wa kwanza kuombwa. Mwombe wiki kadhaa kabla ya onyesho, kwa sababu kuimba mdundo mmoja huku vidole vikipiga mwingine kunataka mazoezi yake.